Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: kile kizuizi cha Sabaki kiko wapi?

Kwako Mheshimiwa wa mazingira (jina siandiki, unajijua),

Salaam aleikum, natumai wewe na familia hamjambo. Sisi huku Malindi tunajikokota. Nilishasema siandiki tena, manake barua za mwanzo sijui zimelala droo gani, lakini ya Jumapili yamenishinda.

Nilikuwa na wageni pale Sabaki mto unapoingia baharini. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa mpaka juu, na maji yakijaa ndege hawana pa kula, wanajibana wote kwenye fungu la mchanga wanangoja yapwe. Sululu, buabua, heroe kule nyuma, kitwitwi hawahesabiki. Mama mmoja kashamuona kitwitwi mwenye kibendera cha rangi mguuni, kile wanachovishwa na watafiti, anasoma herufi kwa darubini, kashika ya kwanza tu ikaja kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, na nyingine nyuma yake, vijana wanapiga kelele. Fungu zima likaruka. Herufi zilizobaki ndio basi tena.

Kwako pengine ni ndege tu wameruka. Mheshimiwa, wengine hao wanatoka Siberia, kwao saa hizi ni barafu, ndio wanakuja kwetu wakati wa kaskazi, kuna mwingine ana gramu 25 hivi mzima mzima! Ikifika Aprili lazima awe amenona ndio arudi, sasa kila akikurupushwa anachoma mafuta ya safari. Watu wanakesha kwenye hori la Mida na nyavu, wanapima bawa, wanapima uzito, wanavisha pete wanaachilia, ndio tujue nani kapita wapi. Na Januari hii hii ndio ndege wa majini wanahesabiwa, sasa tuhesabu vumbi la kwadi?

Mwaka juzi ulisimama barazani ukatuahidi kizuizi cha kwadi na ubao ndani ya mwezi mmoja. Tukapiga makofi, soda ukalipa wewe, ahsante sana. Kizuizi mbona hatukioni, au nacho kimehama na ndege?

Watu wanasema kwadi zina mkubwa nyuma yake, wengine wanasema kibali kimetoka hapo hapo kwenu, mi sijui, ila wanapita mchana kweupe na hakuna anayewauliza. Ninachojua mimi ni kwamba wale wageni walikuwa wanipe kazi wiki nzima, wakahamia Watamu siku hiyo hiyo, na shule zimefunguliwa, karo haingoji, mwenye nyumba naye kila nikipita anakohoa.

Tulikuwa tunataka askari, ubao, na choo cha wageni. Haya tumeviacha vyote. Tupe nguzo mbili na mnyororo pale njia inapoingia mchangani, Oktoba mpaka Aprili tu, miezi mingine fungua wacheze. Hata kufuli tutanunua wenyewe. Mnyororo Mheshimiwa, mnyororo tu, na uwe umefika kabla ya bamvua ijayo.

Ni mimi,
mtembeza wageni, Malindi