Risala ya wazazi kwa mgeni rasmi, siku ya kuwashukuru walimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi yetu, mkuu wa shule, walimu wetu wapendwa, wazazi wenzetu na nyie wanafunzi mliojazana huko nyuma, habari za jioni.

Sisi wazazi tunaoongea Kiswahili hapa St. Paul wengi tumetoka Kongo tukapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na tulivyofika jimbo hili la Minnesota, Marekani, tukaambiwa hii ni shule ya chata tukajua ni praiveti, ada itatutoa roho, kumbe ni shule ya umma, haidai hata senti, ila inaendeshwa kwa mkataba na ina bodi yake, na waombaji wakizidi nafasi inachezeshwa bahati nasibu. Tena jimbo hili ndo lilianza, sheria ilipita 1991 na shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa 1992 hapahapa St. Paul. Na aliyelipigia debe wazo hili tangu 1988 ni Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu, alitaka walimu wapewe nafasi ya kujaribu njia zao wenyewe.

Mheshimiwa, njia hizo tumeziona kwa macho. Kijana wetu mmoja aliingia darasa la tisa Kiingereza hana, hesabu anazijua vizuri tu lakini kila akijibu kwenye kompyuta inamwandikia kosa, kosa, kosa. Mwalimu wake hakusema huyu hajui. Alibaki nae baada ya masomo, akampa kalamu afanye ubaoni, kijana akaandika 3,5 pale ambapo hapa wanaandika 3.5. Mwalimu akaangalia weee, akamuuliza kwa ile simu ya kutafsiri, kwenu mnaandika hivi? Ndiyo mwalimu, kambini tulisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, desimali tunaweka mkato. Basi usiku ule akarudia majibu yote ya nyuma moja moja kwa mkono, na asubuhi akawaambia walimu wenzake waangalie na watoto wengine. Kijana mwenyewe yupo hapa, mstari wa pili, saa hizi anawaelekeza wenzie.

Na wale mnaosimama na watoto kituo cha basi Januari, baridi ya kukata masikio, tunawaona.

Sasa ombi letu. Mikataba ya walimu hapa ni ya mwaka mmoja mmoja na kila Juni tunaaga watu tuliowazoea. Tunajua hela inafuata idadi ya wanafunzi, lakini tunaomba wanaotaka kubaki wasainishwe mapema kabla hawajaanza kutafuta kwingine, na lile lisaa la baada ya masomo lilipwe, maana mpaka leo wanatoa muda wao wenyewe.

Walimu, kila mmoja ana shati au gauni lake la kitenge, kina mama wamekata kwa kukadiria macho tu, kama halijakaa vizuri lirudisheni tu tutalirekebisha.

Naomba kuwasilisha.