Hati ya Shamba na Maneno Matatu ya Kiingereza

Wete, Pemba

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Nimeipokea tafsiri yako ya Kiingereza ya hati ya hiba ya marehemu babu yako, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa najua itasomwa na jamaa zenu wa Muscat ambao hati yenyewe ya Kiswahili hawataiweza.

Kilichonitia wasiwasi ni maelezo ya pembezoni, ambamo kila pasipoeleweka umepaita "vague". Babu alimpa shangazi yako "nusu ya mikarafuu na minazi". Maneno hayo, sahibu, yana maana mbili zilizo kamili: ama ni nusu ya mikarafuu pamoja na minazi yote, ama ni nusu ya mikarafuu na nusu ya minazi. Hiyo ndiyo "ambiguous", neno lenye asili ya Kilatini ya kwenda huku na huku. "Vague" asili yake ni kutangatanga, nalo lafaa pale alipomtaka shangazi "awakumbuke jirani" kila mavuno, kwani hakutaja jirani gani wala kiasi gani. Ukiwaandikia watu wa mbali kuwa fungu la shangazi ni "vague", watadhani mzee hakulipima, na huko naona ni kumdhulumu mtu asiyeweza tena kujitetea.

Lililoniuma zaidi ni kuwa hata zile pishi kumi za karafuu za msikitini umezitia humo humo. Pishi ni vibaba vinne, na kila mchumaji wa zamani wa hapa Pemba aliijua kama anavyoujua mkono wake. Vijana waliozoea kilo ndio wasioijua. Kwa hali hiyo Kiingereza kina "obscure", ambalo kwa asili ni kiza: kitu kipo, tena kimekamilika, ila mwanga haujakifikia. (Kuna na "cryptic", lakini hilo tuwaachie wenye majina ya kanga, kwa kuwa linamtaka mtu aliyekusudia kuficha.)

Basi nakuomba, kabla hujaipeleka, neno "pishi" uliache kama lilivyo na ueleze kipimo chake, na pale penye mikarafuu uziandike maana zote mbili, ili shangazi mwenyewe aulizwe angali hai.

Nisalimie mama na watoto.

Sahibu yako