Anayefuata mapacha ana jina lake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme neno kuhusu majina ya watoto wetu wa kike. Naandika nikiwa Isevya, hapa Tabora mjini, na mjukuu wangu wa wiki saba amelala pembeni yangu. Hana jina.

Tatizo ni kwamba amepewa mengi. Kwenye kadi yake ya kliniki, pale penye jina, pameandikwa kwa penseli, pakafutwa, pakaandikwa, pakafutwa tena, hadi karatasi imekuwa nyepesi. Ukiinyanyua juani unaona mwanga upande wa pili. Mwanangu alitaka Brianna. Mkewe akaandika Briana, n moja. Nesi, kwa kusikia tu, akaandika Bliyana. Nikamuuliza mwanangu, bila hasira, maana yake nini. Akatazama simu, akasema ni mwenye nguvu. Kwa lugha ya nani? Hapo simu haikumsaidia.

Mimi naitwa Nyanzala. Nzala kwetu ni njaa. Nilizaliwa 1974 huko Uyui, mwaka wa ukame, watu ndiyo kwanza wamehamishiwa vijijini, wanakula ule unga wa mahindi ya njano ambao waliuita wa Yanga. Mama hakujua kusoma, wala hakuandikisha uzazi wangu popote. Lakini siku ya kunipeleka shule, mwalimu alipouliza mtoto huyu kazaliwa lini, mama alitaja jina langu tu, na mwalimu, Mnyamwezi kama sisi, akaandika mwaka. Shuleni walinicheka sana kwa jina hilo. Nililia, nikataka niitwe Rehema. Leo silibadilishi kwa chochote, maana hicho ndicho cheti alichoweza kuniandikia mama.

Sisemi kila jina la zamani ni jema. Nilisoma na msichana aliyeitwa Semeni. Mama yake alikuwa haelewani na mawifi, akampa mtoto jina la kuwajibu. Kila akiitwa, ugomvi ule unatajwa upya, na yeye hakuwapo ulipoanza. Njaa ya kwangu ilikuwa ya nchi nzima, haikumsema mtu. Hata Siti binti Saad, alipozaliwa Fumba kule Unguja, aliitwa Mtumwa, na nashukuru kwamba tunamkumbuka kwa Siti.

Sasa huyu mjukuu wangu amewafuata mapacha. Kaka zake ni Kulwa na Doto, na kwetu Unyamwezini anayezaliwa baada yao ni Shija, awe wa kike awe wa kiume, wala hakuna kikao cha kuamua. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwita hivyo. Marehemu dada yangu alikuwa Shija.

Lakini mkamwana wangu ni Mha wa Kasulu. Kwao mapacha ni Bukuru na Butoyi, na anayewafuata ni Kiza. Mkwe mwenzangu alinipigia simu jioni moja, tukasalimiana kwa kirefu, kisha akasema taratibu: "Mwenzangu, wale wawili mliwaita kwa majina ya kwenu, sikusema kitu. Huyu nipeni mimi." Usiku ule sikupata usingizi. Nilimwaza dada yangu. Nikawaza pia kwamba binti wa watu amebeba mimba mbili, amezaa watoto watatu, na hakuna hata mmoja anayeitwa kwa lugha ya mama yake. Asubuhi nikamwambia mkamwana: mama yako ana haki. Alinyamaza kidogo, halafu akaomba kifutio.

Majirani wameanza kuniuliza, mtoto wa kike unamwitaje Kiza, unamtakia giza? Hilo ni kwa Kiswahili. Kwa Kiha, mkwe mwenzangu amenieleza, ni kitu kizuri, chema. Nitaeleza hivyo bombani, sokoni na popote nitakapoulizwa, na yeye akikua nitamweleza ni bibi gani aliyeliomba jina hilo, na kwa maneno gani.

Wazazi vijana, ninachowaomba ni kimoja: kabla ya kutafuta jina kwenye simu, mpigieni kwanza bibi wa upande huu na wa upande ule, kwa simu hiyohiyo. Nanyi mnaoandika vyeti, mwombeni mama alitamke jina mara mbili, mkimaliza mwonyesheni mlichoandika kabla ya kugonga muhuri. Cheti changu cha darasa la saba kinasema Nyazara. Kwa kosa hilo dogo nilirudishwa mara tatu kwenye ofisi moja, mpaka nikala kiapo kwa wakili, kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya mbolea.

Kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90, na kwetu zimebaki kama arobaini. Jumatatu tunakwenda, mimi na mkamwana. Jina nimeshaliandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, kwenye karatasi niliyoikunja ndani ya kadi ya kliniki: KIZA. Mwanangu anaendelea kumwita Brianna akirudi jioni, na mtoto anamtazama. Simkatazi.

Nyanzala,
Isevya, Tabora