Mume wangu kahesabu wiki za mimba kwenye kalenda mbele ya mama yake

Shangazi shikamoo. Nisamehe kukuandikia saa hizi, ni saa kumi kasoro usiku, adhana ya alfajiri bado, sijapata usingizi toka jana na nimeona nikikaa na hili jambo kifuani mpaka kukuche ntapasuka. Naandika ovyo ovyo lakini naomba unisome mpaka mwisho.

Niko kwetu Ngamiani, sio kwangu Makorora. Leo siku ya tano. Sijafukuzwa, watu wasiseme nimefukuzwa, nimetoka mwenyewe kwa miguu yangu na begi moja na kopo langu la kutemea mate, na mama yangu mzazi kila asubuhi ananiuliza mwanangu unarudi lini, mimba changa haikai na hasira. Namwambia sina hasira. Sina hasira kweli Shangazi, ila kila nikifumba macho naiona ile kalamu.

Mume wangu ni dereva wa malori ya mbali, anapeleka mzigo Kongo, akitoka hapa ni Tunduma, Zambia, mpaka Kasumbalesa, na foleni za mipakani unazijua, safari ya wiki tatu inageuka miezi miwili. Safari hii kaondoka mwezi wa 6, karudi Ijumaa tarehe 15 mwezi wa 8. Nakuwekea tarehe kwa sababu tarehe ndio zilizoniua.

Mwezi wa 9 ulipoanza nikaona mwili sio wangu. Mie nauza samaki wa kukaanga jioni, vibua na changu, mwaka wa nne huu, harufu ya samaki kwangu ndio harufu ya nyumbani, lakini siku hiyo nimetumbukiza kibua cha kwanza tu kwenye mafuta tumbo likapanda mpaka kooni, nikakimbilia nyuma ya banda nikatapika nyongo tupu. Matiti yakawa mazito, hata kanga ikigusa nauma meno, weusi wa kuzunguka chuchu ukaongezeka, usiku naamka mara nne kukojoa, mate yanajaa mdomoni kama mtu aliyelamba ndimu. Na usingizi sasa, usingizi wa kusinzia umekaa na mwiko mkononi. Tumbo halijatoka ila limejaa gesi, sketi hazifungi. Nesi kaniambia ni homoni ya mimba, wiki hizi ndio inapanda mpaka kileleni kwake halafu itaanza kushuka, wengi wanapumua wakiingia mwezi wa nne. Biashara imelala, mdogo wangu ndiye anayekaanga na hajui kupima chumvi.

Na kitu kingine nakwambia wewe tu, nimeichukia harufu ya mume wangu. Sio yeye, harufu. Ile sabuni yake ikichanganyika na dizeli, akinisogelea najigeuza ukutani. Mwanzo alikuwa anacheka, anasema hee, mimba imenikataa, na mie nacheka huku nimeziba pua. Sikujua kama kicheko hicho kitakuja kugeuzwa ushahidi.

Niseme na la mwaka jana maana bila hilo hutanielewa. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 8, mume akiwa njiani. Aliyenishika ni mama mkwe. Alinikanda na maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga siku saba, akalala chumba kimoja na mie, nikilia analia. Nesi wa wakati ule alituambia wote wawili kwamba nyingi zinazotoka mapema ni kasoro inayotokea tangu mbegu zinapoungana, sio kosa la mama, sio kubeba ndoo wala sio jicho la mtu. Mama mkwe akasema umesikia mwanangu, sio kosa lako. Kwa hiyo mie yule nampenda, sikuandikii kumsema mama wa watu.

Kwa sababu ya hiyo ya kwanza safari hii sikungoja, nikaenda kliniki mapema, wakanitoa damu, wakanipima vyote, wakanipa vidonge vya kuongeza damu vilivyo na foliki asidi, wakanikataza udongo (nilikuwa natafuna udongo wa sokoni kama karanga, nesi kasema unaweza kuwa na minyoo na unaizuia damu kuongezeka), wakaniandikia na utrasaundi. Ilikuwa Jumatatu tarehe 6 mwezi huu wa 10. Mume alikuwa bandarini anangoja kupakia, nikaenda peke yangu.

Shangazi, nimemuona. Wamenipaka ile jeli ya baridi, daktari akageuza kioo, nikaona kitu kama tende imelala kwenye maji, kichwa kikubwa, na katikati kinapigapiga, haraka haraka, daktari akasema huo ndio moyo. Akaniambia ana sentimita 2 na nusu, viwiko vinajikunja, vidole vya mikono vinaanza kuachana, na anajitikisa ila mie sitamsikia mpaka mbele huko, mimba ikikaribia miezi mitano. Nlilia pale kitandani, mwaka jana sikufika kuona moyo. Nimetoka na karatasi nimeikumbatia kama fedha. Imeandikwa wiki 9 na siku 2, na tarehe ya kujifungua 9 mwezi wa 5.

Nikaenda nyumbani nina furaha ya kijinga. Mama mkwe alikuwepo, kaja na maboga. Mume karudi magharibi, nikampa karatasi hata viatu hajavua. Akaisoma. Akaisoma tena. Halafu akainuka akaenda kwenye kalenda, ile tuliyopewa duka la vifaa vya ujenzi, ipo nyuma ya mlango, akaweka kidole kwenye tarehe 15 ya mwezi wa 8 akaanza kuhesabu kwa sauti. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Anafunua karatasi, anahesabu. Akafika wiki 7 na siku kidogo akasimama. Akasema, wiki 9, mie nimekuja wiki 7. Na mama mkwe, Shangazi, yule aliyelala na mie chumba kimoja, akatoa kalamu kwenye mkoba akampa. Hakusema neno. Kampa kalamu tu, mwanawe azungushie vizuri.

Kazungushia. Duara la wino wa bluu kwenye wiki mbili ambazo hakuwepo.

Nlitakiwa niongee lakini ulimi ulikufa. Na nlikuwa sijui, wallahi nlikuwa sijui vile wanavyohesabu, na mie nikaanza kuangalia ile kalenda kama mwizi. Nadhani kunyamaza kwangu ndio kulikoniponza. Kesho yake saa moja asubuhi nipo mlangoni kwa nesi, akaniweka chini akanieleza. Kumbe mimba haihesabiwi toka siku mliyokutana, inahesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, maana hiyo ndio siku mwanamke anaikumbuka. Wiki mbili za mwanzo wanazihesabu na mtoto hayupo bado, yai linatoka kwenye siku ya 14 hivi ndipo linaungana. Hata hizo wiki 40 za mimba ndani yake mna hizo mbili za bure. Mie siku zangu nimeziona tarehe 2 mwezi wa 8. Ongeza siku 14 ni tarehe 16. Mume wangu kaingia ndani tarehe 15. Ipo wazi kama mchana, wiki zake 7 na wiki 9 za karatasi ni kitu kimoja, mtoto ni mmoja.

Nikarudi nikamwambia. Akasikiliza, akasema manesi ni wanawake wenzio. Mama mkwe akasema wapo wanaoona siku zao na mimba wanayo. Nikamjibu, na heshima sikumvunjia, kwamba daktari hakuangalia maneno yangu, alimpima mtoto mwenyewe kuanzia kichwani mpaka matakoni, na katika miezi hii mitatu ya mwanzo watoto wanalingana sana, kipimo kikikosea ni kwa siku chache. Ingekuwa mimba imeingia wiki mbili kabla mume hajarudi mtoto angekuwa na sentimita kama 4 na nusu, sio 2 na nusu. Nlimwomba nesi anirudie hiyo mara mbili niishike vizuri. Wakatazamana. Mume akasema haya, akizaliwa tutapima DNA. Ndio nikachukua begi.

Sasa wanaongelea mpaka kijana wa bodaboda aliyekuwa ananibebea ndoo za samaki toka Deep Sea, kule wanakoshushia samaki. Yule kijana ana miaka 19, ananiita mama. Ndoo mbili za samaki nibebe kichwani? Na mwaka jana nilishapoteza? Mume mwenyewe ndiye aliyenitafutia kijana kabla hajasafiri, kampa na namba yangu, leo kasahau.

Na mengine kasahau. Hiyo tarehe 2 nilikuwa naumwa tumbo la hedhi vibaya sana, alipiga simu yuko Tunduma nikashindwa kuongea, baadaye akanitumia ujumbe wa sauti, pole mama, chemsha tangawizi, weka chupa ya maji moto tumboni, Mungu hajatupa bado, nikija tutajaribu tena. Sauti yake mwenyewe! Mungu hajatupa bado. Ipo kwenye simu yangu na tarehe yake, usiku huu nimeisikiliza mara nne huku nimeweka simu chini ya mto mama asisikie.

Najua utasema si umtumie basi yaishe. Mdogo wangu naye kasema hivyo hivyo. Siwezi. Nikimtumia atakuja kesho na maembe na kuniita mke wangu, na mie ntakuwa nimeshinda kesi, kwani nilikuwa na kesi? Nataka akumbuke mwenyewe. Mwanaume aliyeniambia nichemshe tangawizi hakumbuki ni lini kasema? Halafu saa nyingine nawaza, labda kakumbuka na kaona aibu, maana juzi katuma elfu 30 kwenye simu bila neno lolote, nami sikurudisha. Sikurudisha kwa sababu ni hela ya kliniki na mtoto ni wake, sio kwamba nimemsamehe. Nimenunua machungwa ya Muheza, ndicho kitu pekee kinachokaa tumboni.

Ile DNA nayo, siku ya kwanza nlisema tukapime hata leo, wakaniambia kwanza mtoto azaliwe, na vipimo hivyo ni vya Mkemia Mkuu wa Serikali, unapitia ustawi wa jamii au kwa wakili au mahakamani. Mtoto wangu aanzie maisha mahakamani? Akipima nami naondoka. Lakini asipopima wifi zangu watamwangalia masikio miaka yote. Sijui nataka nini Shangazi.

Nlikuja na shati lake moja, nimelikuta kwenye begi, sijui nililiweka lini. Linanuka ile dizeli. Nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu nikilinusa natapika, na kila nikitaka kulifua nalirudisha kwenye mfuko.

Kliniki yangu ijayo ni tarehe 3 mwezi wa 11. Wanaokuja na waume zao wanahudumiwa kwanza, na nesi kaniambia mlete, ntamhesabia mwenyewe mbele yako, na kama anataka aje na mama yake. Yeye anasafiri tena mwisho wa mwezi huu, lakini nikimwambia anaweza kuomba safari apewe mwenzie. Nikimwambia. Naogopa akija ataonekana kaja kunihakiki, na nikienda peke yangu watasema si mnaona hana wa kwenda naye. Niambie wewe unayeyajua ya ndoa, nimwite aje ahesabiwe, au nimtumie ile sauti, au ninyamaze mpaka akumbuke? Na mama mkwe, nikikutana naye, nianze mie kumwamkia au ningoje? Maana jana kapita hapa barabarani, kaona nguo zangu kwenye kamba, kasimama kidogo nje ya mlango. Mie nilikuwa ndani nimeshika kopo. Sikutoka, naye hakupiga hodi.

Adhana hiyo. Nijibu upesi Shangazi.

Mama kijacho, Tanga