Shangazi Mwenye Gauni Jeusi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole tena kwa msiba wa Baba. Sikuwahi mazishi wala hitima, na hilo linaniuma mpaka leo. Uliponiandikia kwamba watu wanakunong'ona kwa sababu hukulia mbele yao, nilikumbuka picha moja iliyoko hapa Paris, katika makumbusho ya Orsay. Tangu nipate barua yako nimeirudia mara tatu.

Aliyeichora ni Edgar Degas. Mwaka 1858, akiwa na miaka 24, alikwenda Florence kwa shangazi yake, Laure Bellelli, akamkosa. Shangazi alikuwa Napoli kwa baba yake mgonjwa, mzee Hilaire, ambaye ndiye babu yake Degas. Mzee akafariki tarehe 31 Agosti. Kijana akangoja hadi Novemba, shangazi aliporudi na binti zake wawili, wote na nguo nyeusi za msiba.

Akaanza kuwachora kwa penseli na chaki, karatasi baada ya karatasi, na kutokana na michoro hiyo akapata picha kubwa ya rangi. Shangazi amesimama wima, mjamzito. Mkono mmoja uko begani mwa binti yake. Vidole vya mkono wa pili vimegusa meza kidogo tu, kama mtu anayejizuia asiyumbe. Halii. Hamtazami mumewe, aliyekaa akitupa mgongo. Na ukutani, nyuma ya kichwa chake, yumo Hilaire ndani ya fremu: mchoro mdogo wa chaki nyekundu.

Mdogo wako alinieleza ulivyosimama mlangoni ukipokea wageni siku nzima, kiganja kwenye mwimo wa mlango. Shoga, anayesema hukumlilia baba yako hakukutazama mkono.

Nina ombi. Nitumie ile picha ya Baba aliyovaa kofia ya viua, ameegemea baiskeli. Nimenunua penseli laini, zile zenye grafiti nyingi na udongo kidogo, zinazotoa weusi mzito bila kukandamiza. Nitaanza na mikono, maana ndiyo ninayoikumbuka zaidi: kile kidole cha shahada chenye kovu, alichotufuatishia mistari tulipokuwa tukisoma juzuu kwenye mkeka wenu.

Nisalimie Mama, umshikie mikono kwa niaba yangu.

Wako akupendaye