Mahari ya Maria Teresa

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Unauliza kwa nini nashikilia kwamba Mkataba wa Pyrénées wa 1659 ulizaa vita vingine, wakati ndio uliomaliza miaka 24 ya mapigano kati ya Ufaransa na Hispania. Jibu langu ni mahari.

Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa, na Don Luis de Haro, waziri mkuu wa Hispania, walijadiliana kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto Bidasoa, mpakani. Hakuna aliyetaka kuonekana amemfuata mwenzake, kwa hiyo ukumbi uligawanywa katikati. Kila mmoja alikuja kwa daraja lake, akakaa kwenye kiti chake, mezani pake, bila kutoka katika ardhi ya mfalme wake. Novemba 7 walitia saini vifungu 124. Ufaransa ikapata Roussillon upande wa kusini na sehemu kubwa ya Artois upande wa kaskazini.

Pamoja na hayo, Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, angemwoa Maria Teresa, binti wa Filipo IV, mfalme wa Hispania. Huko enzi hizo mahari ilitoka kwa baba wa bibi harusi: ecu (sarafu za Ufaransa) 500,000 za dhahabu, kwa awamu tatu. Ya kwanza ndoa ikitimia, ya pili mwaka mmoja baadaye, ya tatu miezi sita baada ya hapo. Naye bibi harusi angekana haki yake yote ya kurithi milki za Hispania. Hapo ndipo Wafaransa, hasa mwanadiplomasia wao Hugues de Lionne, walipoonyesha ustadi: waliandika kwamba anakana kwa kulipwa fedha hizo kwa tarehe zake. Fedha isipolipwa, wana hoja kwamba hakukana kitu.

Na hazina ya Hispania ilikuwa taabani. Ilishindwa kulipa wadai wake 1647, ikashindwa tena 1662. Mahari haikulipwa. Wakati huohuo urithi ukaanza kuning'inia: Felipe Próspero, mwana wa Filipo na mrithi wake, alifariki Novemba 1, 1661, na mdogo wake Carlos, mtoto dhaifu, akazaliwa siku tano baadaye. Filipo alipofariki 1665, Louis alidai sehemu ya Flanders, milki ya Hispania kaskazini mwa Ufaransa, kwa jina la mkewe, akiongeza desturi ya jimbo jirani la Brabant iliyowatanguliza watoto wa ndoa ya kwanza katika urithi, maana Carlos alikuwa wa mke wa pili. Mei 1667 jeshi lake likaingia.

Kwa maoni yangu, Haro alipaswa kutenganisha mambo haya. Kukana urithi kusimame peke yake, daima. Mahari ibaki deni kama madeni mengine, na ikichelewa idaiwe kama deni. Nchi isiyo na fedha haifai kufunga usalama wa taji lake kwenye tarehe za malipo.

Carlos, aliyemrithi baba yake kama mfalme, alifariki 1700 bila mtoto, na aliyerithi kwa wosia wake ni Filipo wa Anjou, mjukuu wa Maria Teresa na Louis. Vita vya urithi huo vilianza mwaka uliofuata.

Habari za vijiji 33 vya Cerdanya, huko milimani Pyrénées, ambavyo navyo vilikwenda Ufaransa, nitakuandikia barua nyingine. Nazo zina mambo mengi. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rehema