Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nodi Zetu na Tatizo la Diski Kujaa

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina na orodha ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lililotushughulisha zaidi mwaka huu: diski. Blokucheni ya Bitcoin, yaani mnyororo wa mafungu (bloku) ya miamala yote ambao kila nodi, kompyuta inayoukagua, huupakua, na ambayo bloku yake ya kwanza ni ya tarehe 3 Januari 2009, imeshapita gigabaiti 600 na haina dalili ya kusimama. Mwenye diski ya terabaiti 1, iliyobeba pia mfumo na programu nyingine, ameanza kubanwa.

Kamati ya ufundi inashauri nodi nyingi zipogolewe, yaani zifute bloku za zamani na kubakiza za karibuni tu, nami naafiki. Wapo wanaoona kwamba nodi iliyopogolewa ni nodi nusu. Si kweli. Hupakua bloku zote tangu ya kwanza na kuzikagua kwa kanuni zilezile, kisha ndipo hufuta faili za zamani. Kisichofutika ni daftari la sarafu ambazo hazijatumika, lililoko kwenye folda ya chainstate. Bila daftari hilo nodi haiwezi kujua kama sarafu inayotumwa ipo au ilishatumika zamani. Lenyewe linazidi gigabaiti 10. Kwa hiyo ukiandika mpangilio wa kupogoa, prune=550, usitegemee nodi nzima ikae ndani ya megabaiti 550; hicho ni kiwango cha chini cha faili za bloku na faili za kurudisha nyuma (za kutengua bloku) tu.

Anayetaka kupogoa aanze kwa kunakili pochi, faili yenye funguo za sarafu zake, mahali pengine. Azime nodi kwa utaratibu, si kwa kuchomoa umeme. Aondoe txindex=1 (faharasa ya miamala yote) kwenye bitcoin.conf, faili ya mipangilio ya nodi, maana mpangilio huo na kupogoa haviendi pamoja na programu itagoma kuwaka. Kisha aandike prune=20000, yaani takriban gigabaiti 20, na kuwasha. Kwa nini isiwe 550 moja kwa moja? Nafasi ikiwa finyu mno, pochi iliyokaa imefungwa kwa muda hukuta bloku inazozihitaji zimeshafutwa, na hapo dawa pekee ni kupakua mnyororo wote upya. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeingiza funguo za zamani: nodi iliyopogolewa haiwezi kurudi nyuma kuzitafutia miamala. Ziingizwe kabla ya kupogoa, au kwenye nodi yenye historia yote.

Naomba sana, mtu asifute faili za blk, yaani faili za bloku, kwa mkono. Nodi itakataa kuwaka, na muda utakaopotea kuijenga upya ni mrefu kuliko thamani ya nafasi iliyopatikana.

Limeulizwa pia suala la kubana faili kwa mfumo wa diski. Faida yake ni ndogo, kwa sababu saini na heshi (alama za utambulisho zinazokokotolewa) ni data isiyo na marudio ya kubanika. Tangu toleo la 28 la Bitcoin Core, programu ya nodi, nodi mpya huvuruga faili za bloku kwa ufunguo wa nasibu kabla ya kuziandika, hivyo hata kile kidogo kilichokuwa kikibanika hakipo tena.

Njia nzuri zaidi kwa asiyetaka kufuta kitu ni kugawa mzigo. Mpangilio wa blocksdir hupeleka faili za bloku kwenye diski kubwa ya kuzunguka, ambayo ni ya bei nafuu, huku chainstate ikibaki kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Bloku husomwa kwa mfululizo na si mara nyingi, ilhali daftari la sarafu huguswa huku na huko kila muamala unapokaguliwa. Ukilihamishia diski ya kuzunguka, nodi itatambaa.

Daftari hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko historia. Anayeficha data ndani ya anwani bandia huacha sarafu zisizoweza kutumika, mzigo ambao kila nodi itaubeba daima. Data iliyowekwa kwa OP_RETURN (sehemu ya muamala ya kuwekea data, isiyotumika kama sarafu), angalau, haiingii daftarini. Sisi tunaweza kuunganisha vipande vidogo vya sarafu ada zinaposhuka: muamala wenye vipande 20 vinavyoingia na kimoja kinachotoka hupunguza daftari kwa 19. Ila unafichua kwamba anwani hizo ni za mtu mmoja, basi kila mtu apime mwenyewe.

Wenye nodi za Monero, sarafu nyingine ya kidijitali, wajue kwamba kupogoa huko huacha takriban theluthi moja ya ukubwa, lakini faili iliyopo haisinyai. Nafasi iliyoachwa hutumika tena ndani yake. Kupata faili ndogo kweli kunahitaji kutengeneza nakala mpya, na diski itoshe zote mbili kwa muda huo. Upande wa Ethereum, blokucheni nyingine, tangu Julai 2025 programu za nodi zinaruhusu kuacha historia ya kabla ya Septemba 2022, na hapo hupatikana gigabaiti 300 hadi 500.

Lipo sharti moja. Nodi iliyopogolewa huahidi kuwapa wengine bloku 288 za mwisho tu, yaani siku mbili hivi. Tukipogoa wote, hakuna nodi mpya itakayoanzia kwetu. Naleta azimio kwamba chama kibakize nodi tatu zenye historia yote, zikae kwa wanachama watatu tofauti, na gharama za diski zao zitoke kwenye mfuko wa chama. Watakaojitolea wampe katibu majina kabla ya kura, na hadi watatu hao wapatikane, wenye txindex, ambao bado wana historia yote, wasubiri kupogoa.

Mwenyekiti